Kinachong'aa kwenye Ngitili ya Babu Maduhu

Kijiwe cha Salmini kipo pale njia ya makarasha, mashine za kuponda mawe ya dhahabu, inapoachana na barabara kubwa ya vumbi, senta ya Nyamigogo, mbele ya duka la fotokopi la Doto. Ni benchi moja refu la mninga lililokalishwa juu ya mawe, benchi jingine fupi ambalo mguu wake wa nne ni tofali, na jiko la mkaa lililokaa juu ya jiwe jeusi ambalo mwenye duka alishindwa kuling'oa siku ya kujenga. Wanaokaa hapo wana kazi zao, lakini ikishafika alasiri kazi yao ni kukaa hapo. Yupo Swaleh, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Yupo Mwigulu, anayeitwa Maduara, kwa maana wachimbaji shimo la dhahabu huliita duara, na kutoka Kahama mpaka Geita ni maduara machache sana ambayo huyu mzee hajayashukia. Yupo Januari, kijana wa Mbeya anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Jina lake la kijiweni ni Mizani, kwa kuwa mizani yake ndogo haitoki mfukoni mwa shati hata akienda kuzika. Nyuma ya benchi kuna ubao ambao watu hubandika habari za misiba na za ng'ombe waliopotea. Jumatano hiyo, mwisho wa mwezi wa tisa, ubaoni palikuwa na kitu kipya. Palikuwa na picha nne.

Picha zilikuwa za Mwaisha, mpwa wa Salmini. Alikuwa na miaka kumi na saba. Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake Safiya alipovunjika nyonga na nyumba ikakosa mtu wa kuishika. Tangu hapo akawa anauza kashata za mama yake, na akitoka kuuza alirudi kwa njia ambazo watu hawazipiti, simu yake yenye kioo kilichopasuka ikiwa mkononi. Alipiga picha jineri, kiwanda cha kuchambua pamba kilichokufa, chenye popo ndani. Alipiga kingo za mto mkavu ambamo ndege huchimba viota vyao. Watu wa Nyamigogo walimwambia kwao hakuna cha kupiga picha. Wao wakitaka picha husimama dukani kwa Doto, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji ya nchi isiyojulikana. Lakini Mwaisha alikuwa na mahali alipopapenda kuliko pote, na mwaka huo alikuwa amepapiga mara nne, kila mara akisimama juu ya jiwe lile lile. Doto alimchapishia, mjomba wake akambandikia. Sasa alikuja na sinia lake la kashata, asikie watasemaje.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakaitika, hawakugeuka. Walikuwa wameshaanza.

— Hii ya kwanza naijua, — alisema Redio. — Hapa ni Nkome. Hayo maji unayoyaona ni ziwa. Nimenunua dagaa hapo hapo, na huo mti nimeegemea mimi.

— Ziwa gani lina nyasi katikati? — aliuliza Maduara.

— Ziwa likijaa.

— Likijaa linaota nyasi?

— Wewe umekaa chini ya ardhi miaka thelathini, mambo ya ziwa utayajulia wapi? Sema wewe basi hiyo ya pili ni wapi.

Maduara aliinuka, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

— Hii Ushetu. Ona kijani hicho, majani mapana. Tumbaku hiyo. Hata harufu naisikia.

— Harufu unayoisikia ni ya koti lako, — alisema Salmini, akimimina.

— Na hii ya tatu msijisumbue, — alisema Mizani. — Hii ni kwetu Mbeya. Ukungu huo ni wa kwetu. Huku kwenu hakuna ukungu, kuna vumbi la karasha. Mwaisha, ulifika Mbeya lini?

— Sijawahi kufika Mbeya, kaka Mizani.

— Basi umeitoa mtandaoni.

Mwaisha aliliweka sinia juu ya benchi fupi. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, lakini yalipotoka yalitoka yote kwa pamoja.

— Sijaitoa popote. Zote nne ni sehemu moja. Hiyo yenye maji ni mwezi wa kwanza, bonde lilipojaa. Hiyo ya kijani ni Aprili. Yenye ukungu ni mwezi wa sita alfajiri, na hii ya mwisho ni ya juzi. Ni ngitili ya babu yangu Maduhu, nyuma ya kilima hicho. Nusu saa kutoka hapo mlipokaa.

Walicheka. Redio alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye goti lake.

— Nyuma ya kilima hicho kuna nini cha kuwa hivi? — alisema Maduara. — Mimi nimezaliwa ng'ambo hiyo, mtoto. Huko ni vichuguu na upepo.

— Uangalieni mti wenye mashina mawili, — alisema Mwaisha. — Upo kwenye zote nne.

Waliinuka wote watatu. Maduara aliweka kidole kwenye picha ya kwanza, akakihamisha ya pili, ya tatu, ya nne. Mti wa mashina mawili ulikuwa pale pale kila alipogusa. Mwaisha akaona fahari imempanda mpaka masikioni. Hakujua kwamba angekuja kuijutia.

— Ngitili ni nini? — aliuliza Mizani.

— Ni malisho yanayofungwa, — alisema Maduara. — Mvua zikianza mnayaacha. Ng'ombe hagusi, mtu haingii. Nyasi zinakua, zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikishakaza, huku nje hakuna hata jani, ndipo mwenyewe anafungua. Ndiyo akiba ya ng'ombe.

— Na mwenyewe haingii?

— Haingii. Akiingia kabla ya siku, wazee wanamtoza mbuzi.

— Nyasi, — alisema Mizani taratibu. — Mtu anafunga nyasi miezi yote hiyo, na akizitazama kwa karibu anatozwa mbuzi. — Alikuwa amebaki mbele ya picha ya nne. — Na hiki hapa ni nini?

Picha ya nne ilikuwa ya nyasi za njano, na katikati ya nyasi mgongo wa jiwe kubwa. Juu ya jiwe, mahali padogo kama kiganja, palikuwa paking'aa. Palikuwa na rangi ya njano iliyoiva, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Salmini alikuwa ameshika kikombe hewani bila kukipeleka popote.

— Ni jua, — alisema Mwaisha.

— Jua lipo kote. Mbona jiwe moja tu? Wewe umeshalishika jiwe hilo?

Angeweza kusema ndiyo. Baadaye alijiuliza kwa nini hakusema. Lakini yeye hakuzoea kusema uongo, tena mbele ya mjomba wake.

— Sijalishika. Napiga kutoka ng'ambo ya bonde. Bado haijafunguliwa.

— Kwa hiyo hujui.

— Sijui.

— Hajui, — Mizani aliwatangazia wenzake, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

Hapo Mwaisha ndipo alipoanza kuogopa. Akili yake ilikwenda kwa Sesilia. Mwaka juzi mtu mmoja aliokota jiwe lenye vimeta kwenye matuta ya viazi ya Sesilia, akalionyesha kijiweni, sio hiki, kile cha stendi. Siku ya pili watu walijaa na masululu. Siku ya tatu palikuwa na maturubai, mama ntilie, na spika ya muziki. Baada ya wiki mbili walihama wote kama walivyokuja, dhahabu yenyewe haikutosha kuziba jino, na shamba likabaki na mashimo arobaini. Ndama wa Sesilia alikufa kwenye moja. Siku hizi Sesilia ananunua viazi sokoni.

Na babu Maduhu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Nje ya ngitili hakukuwa na kitu tena, ng'ombe walikuwa wanalamba udongo. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Bado siku tatu. Akiingia mtu mmoja na sululu leo, Jumamosi babu angefungua mashimo.

— Mimi nitawaambia hiyo ni nini, — alisema Maduara, na akajiweka sawa kwenye benchi. — Dhahabu inatembea. Msicheke. Wakati wa mvua inazama, haipendi baridi. Kiangazi inapanda juu kuota jua. Ndiyo maana kwenye hizo tatu haipo, na kwenye hii ya nne imekuja. Mimi nimeshaifuata dhahabu ikinikimbia. Nilichimba futi tisini, nikafika, nikakuta joto lake tu.

— Joto lake?

— Imetoka muda si mrefu.

— Hilo dogo, — alisema Redio. — Swali ni nani amemtuma huyu mtoto. Mtu gani anapiga nyasi mara nne? Watu wa makampuni ndio wanafanya hivyo. Wanarusha kidege chao wakati wa mvua, wanarusha tena kiangazi, halafu wanakaa chini wanalinganisha. Mwaisha ni mpimaji. Na Salmini yumo. Hiki kijiwe sio kijiwe, hii ni ofisi.

— Nimeuza kahawa hapa miaka kumi na tisa, — alisema Salmini. — Huyu ana miaka kumi na saba. Nilikuwa namsubiri azaliwe?

— Makampuni yana subira.

— Hamuoni, — alisema Mizani. Alikuwa haketi sasa, anatembea kutoka ubao hadi jiko. — Mzee Maduhu ndiye mwenye akili. Angejenga ukuta mngeuliza. Angeweka mlinzi mngeuliza. Yeye kaweka nyasi. Kaweka na sheria ya mbuzi. Nyinyi wenyeji mmeizoea, hamuulizi. Mimi mgeni nimeiona leo tu.

— Ngitili ni ya tangu mababu, — alisema Mwaisha. — Kila mwenye ng'ombe alikuwa nayo.

— Ndiyo, na yeye akajificha katikati ya kila mwenye ng'ombe.

— Sasa mmenikumbusha, — alisema Redio, akashusha sauti, jambo ambalo hulifanya akitaka kusikika mbali zaidi. — Samadi ya Maduhu. Mmewahi kuona anavyoisomba? Anaifunika turubai. Nani anafunika mavi ya ng'ombe? Ng'ombe wanakula nyasi za juu ya dhahabu, wanaingia nayo zizini.

— Yule dume wake mweusi anatembea kwa uzito, — alisema Maduara. — Nimeshamuona.

— Basi si unaona.

— Anatembea kwa uzito kwa sababu ana njaa, — alisema Mwaisha. — Mzee Maduara, unamjua yule dume. Hawezi hata kunyanyua kichwa.

— Kichwa ndiyo kizito zaidi, — alisema Redio.

Siku nyingine Mwaisha angecheka. Siku hiyo hakuweza. Alimtazama mjomba wake, na mjomba wake akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema ngoja, watachoka. Lakini Mizani hakuonekana kuchoka. Alikuwa ameshatoa simu.

— Nawaita vijana wawili wa makarasha. Kesho alfajiri, masululu mawili tu, tunabandua kipande, tunarudi. Mzee wa watu hajaamka. Kama siyo, siyo.

— Ukiingia na sululu mara moja, jioni watakuwa mia, — alisema Mwaisha. — Kaka Mizani, ulikuwepo kwa Sesilia. Ulinunua pale. Uliwaona walivyokuja.

— Kwa Sesilia hapakuwa na picha.

Mwaisha alipita katikati yao akaing'oa picha ya nne ubaoni. Pini iliruka ikaanguka kwenye majivu. Aliikunja picha aliyoichapisha kwa hela ya kashata, akaikunja tena.

— Ikunje tu, — alisema Redio. — Mimi nimeshaipiga na simu yangu. Naituma kwenye grupu la wachimbaji muda huu. Inagoma tu, bando limeniishia. Ina kisaa cha kungoja hapo pembeni.

— Iache hiyo picha, Redio, — alisema Salmini.

— Haijaenda bado. Doto yuko wapi? Doto akifungua duka ananiunga na mtandao wa simu yake.

— Doto kaenda kula.

— Basi akirudi.

Wote waligeuka wakatazama mlango wa duka la Doto uliofungwa kwa kufuli. Kwenye grupu hilo walikuwemo watu zaidi ya mia tano, kuanzia Katoro mpaka Kakola. Mwaisha aliona jinsi itakavyokuwa: Doto anakuja akichokoa meno, anatoa funguo, na ngitili ya babu inakwisha, nao wote wakiwa wamekaa hapo wanakunywa kahawa.

Lakini aliyekuja hakuwa Doto. Alikuja mwanamke mmoja kutoka njia ya makarasha, kanga kiunoni, mikono imekauka tope jeupe mpaka kwenye viwiko. Kijiweni hawakuwa wanamjua. Alisimama pembeni ya jiko, akasema anaitwa Philomena, ametoka Nkome mwezi uliopita, anaosha dhahabu huko chini kwenye mwalo, pale panapooshwa mawe yaliyosagwa, na kichwa kinamgonga, kama kuna kahawa chungu apewe kikombe kimoja.

— Karibu mama, — alisema Salmini. — Dele la kahawa linaelekea mwisho, lakini chako kipo.

— Asante. Kuna msiba? Mbona mmekaa hivi?

— Hakuna msiba, mayu, — alisema Maduara. — Kuna neema.

Wakamweleza. Walimweleza wote watatu kwa wakati mmoja: dhahabu inayotembea, ofisi, mbuzi, dume mweusi. Philomena alisikiliza huku akipuliza kahawa yake. Kisha akamnyooshea Mwaisha mkono.

— Hebu nione, mwanangu.

Mwaisha alisita. Halafu akaikunjua ile karatasi akampa. Mwanamke aliitazama kwa muda, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaacha alama ya kidole cha tope kwenye pembe.

— Na nyinyi ni wachimbaji?

— Huyu mzee miaka thelathini, — alisema Redio. — Huyu kijana ananunua. Mimi niko upande wa habari.

— Mimi ni wa kuosha tu, sijui mambo mengi, — alisema Philomena. — Naomba kuuliza. Katika hiyo miaka yote, ni nani kati yenu ameshaiona dhahabu iking'aa juu ya jiwe, jiwe halijapita karasha, halijaoshwa? Tena aione akiwa ng'ambo ya bonde?

Huko chini makarasha yalikuwa yananguruma kama kila siku. Maduara akatazama viganja vyake, vile viganja vilivyobeba mawe ya watu kutoka duara hadi duara, na Mwaisha alimuona akiyapitia mawe yale kichwani moja baada ya jingine.

— Bulyanhulu... — alianza. — Hapana. Lile lilikuwa la kijivu.

— Nyarugusu je? — alisaidia Redio.

— La kutu. Kama misumari ya zamani.

— Kaka wewe unayenunua, — Philomena alimgeukia Mizani. — Wewe umeletewa lini?

Mizani alikuna shingo.

— Mimi naletewa ikiwa imeshaoshwa na kuchomwa.

— Sisi kule mwaloni jiwe lenye dhahabu linakuja limenuna, — alisema Philomena. — Limekaa kama mgonjwa. Yale yanayong'aa tunayatupa kwenye kifusi, watoto wanachezea. Ndiyo nikauliza.

Redio alichokoa sikio. Mizani alitazama simu yake kama vile ndiyo iliyomdanganya, akairudisha mfukoni, akaigusa ile mizani kuona kama bado ipo.

— Mimi nilikuwa nawapima tu, — alisema. — Nione mtafika wapi.

— Ulikuwa unawaita vijana wa masululu, — alisema Salmini.

— Nilikuwa naangalia saa.

— Redio, — alisema Mwaisha. Hata "mzee" alisahau.

Redio aliitoa simu yake. Kile kisaa kilikuwa bado kipo pembeni ya picha. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akakosea, akabonyeza tena, kisha akamgeuzia Mwaisha kioo aone mwenyewe kuwa pamebaki patupu.

— Bando limekuokoa, — alisema. — Siku zote nawaambia mtandao wa huku ni mbovu, leo nimenyamaza.

Mwaisha alikaa chini. Alikaa kwenye ncha ya benchi fupi, upande wa tofali, likayumba, naye akayumba nalo, na hakujali. Alitoa kashata moja kwenye sinia akampa Philomena, akatoa nyingine akala mwenyewe, jambo ambalo mama yake alikuwa amemkataza.

— Haya, — alisema Philomena, akitafuna. — Dhahabu siyo. Sasa kinachong'aa ni nini?

Watu waliokuwa na majibu ya samadi na ya makampuni walimnyooshea Salmini vikombe vyao.

Salmini aliinamisha dele juu ya kikombe cha mwisho. Lilitoa tone moja, la pili halikuja.

— Kahawa imekwisha, — alisema, na kama afanyavyo kila jioni alilijaza dele maji kidogo, akalisukasuka, akayamwaga pembeni ya jiko.

Maji yalitambaa juu ya lile jiwe jeusi ambalo mwenye duka alishindwa kuling'oa. Ilikuwa saa kumi na moja, jua limeshuka hadi usawa wa paa la mashine ya kusaga unga. Likalipiga jiwe. Palipolowa, mahali padogo kama kiganja, pakawaka njano iliyoiva, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Mizani alirudisha mguu nyuma, kama anaogopa kupakanyaga.

— Jiwe limelowa, — alisema Philomena. — Basi. Lile nalo limelowa.

— Mwezi wa tisa? — alisema Redio. — Mama, tangu Mei hapajanyesha. Maji yatoke wapi?

— Ndani yake. Mawe mengine yanatoka jasho. Kiangazi ndipo linaonekana, kila kitu kingine kimekauka. Kwetu lipo moja. Maji yenyewe siyo ya kuoshea dhahabu, hayajai hata kikombe hiki. Ni ya kulamba tu.

Maduara alikuwa ameichukua ile picha kutoka mkononi mwa Philomena. Aliinyoosha mikunjo kwa ukingo wa kiganja, polepole, na hakuwa na sauti ile ya kijiweni alipozungumza.

— Ndama walikuwa wanalilamba, — alisema. — Jiwe hili nalijua. Nilichunga hapo nikiwa mdogo kuliko wewe. Ukimkosa ndama jioni, unajua yuko kwenye jiwe.

— Si umesema huko ni vichuguu na upepo? — aliuliza Redio.

— Nilipoondoka ilikuwa vichuguu na upepo. — Aliendelea kunyoosha mikunjo. — Tulikata sisi. Mashimo ya dhahabu yalitaka matimba ya kuzuia kuta zisituangukie. Tulibeba miti yote ya bonde hilo kwa punda, msimu mmoja. Tukauacha ule wa mashina mawili kwa sababu umepinda. Mwaka uliofuata jiwe likakauka. Maduhu alitufuata akatuambia, tukamcheka. Ndipo akaanza kufunga.

Mwaisha alimtazama. Babu yake hakuwahi kumwambia habari hiyo. Alikuwa akimwambia tu, kila alipouliza kwa nini wasiingie, kwamba waache pale papumzike.

— Ndiyo maana sikuijua ile picha, — alisema Maduara. — Nimeona kijani, nikasema Ushetu.

— Na harufu ukasikia, — alisema Salmini, lakini kwa upole.

Mizani aliketi tena. Ilionekana kuna kitu kinamsumbua.

— Sasa vitu kama hivyo, — alisema mwishowe, — mnavipimaje?

— Kwa ndama, — alisema Philomena, akarudisha kikombe kwenye sinia. Alimshukuru Salmini, akajifunga kanga vizuri, akaondoka na njia yake ya makarasha, kichwa hakimgongi tena.

Doto alirudi akichokoa meno. Aliwakuta wote wameinama juu ya jiwe la jiko linalokauka, akauliza kama kuna aliyedondosha shilingi. Mwaisha alimuomba pini nyingine, akairudisha picha ya nne mahali pake, na mikunjo yake, na alama ya kidole cha tope pembeni. Aliona inapendeza zaidi hivyo.

— Jumamosi mnafungua saa ngapi? — aliuliza Maduara.

— Umande ukishakauka. Saa tatu.

Maduara alichukua fimbo yake. Alikwenda hatua kadhaa, akasimama, akarudi, kwa sababu kuna jambo alikuwa hajalisema.

— Mwambie babu yako Mwigulu atakuja, — alisema. — Mwambie sina sululu. Ningependa tu kumuona ndama wa kwanza akifika pale kwenye jiwe.

— Nitamwambia, mzee.

— Na wewe njoo na hiyo simu.

Jiwe la kijiweni lilikuwa limeshakauka, limerudi kuwa jeusi. Mwaisha alilipiga picha hivyo hivyo.